Maziwa Niliyokamulia Mchangani

Nilikuwa mlishaji wa mbwa wa memsabu mmoja, shamba la mkonge karibu na Voi. Mbwa wawili, dume na jike, wakubwa kama ndama. Majina yao ninayo hadi leo, na la memsabu, na la bwana wake, lakini nayaacha. Wajukuu wao hawajanikosea.

Mwaka ule walitaka kuzunguka pwani na gari, na wale mbwa hawakuwa wanakula bila mimi.

"Wiki moja tu," memsabu akasema.

Mwanangu alikuwa na miezi saba, bado ananyonya. Nikamwacha kwa mama yangu, kijijini Makwasinyi, nikapanda nyuma pamoja na mbwa.

Hoteli zote zilikataa mbwa. Basi tukawa watu wa hema: siku mbili Tiwi, siku tatu mbele kidogo, tunang'oa, tunapiga tena. Wiki ikaisha, hakuna aliyetaja kurudi. Kila alfajiri nilikamua maziwa mchangani, maana mama aliniambia, ukikaa tu, titi linasahau. Halafu yule jike akakanyaga matumbawe, akachanika mguu.

"Hatuendi mpaka apone," memsabu akasema.

"Memsabu, mtoto wangu."

"Si yuko na nyanya yake?"

Yuko, ndiyo. Na kutoroka nisingeweza. Hata njia ya kufika kwenye feri ya kuvukia sikuijua, na kamba za mbwa ziko mkononi kutwa.

Asubuhi moja nikakamua, yakatoka matone tu. Nikakaa pale nalia. Mama mmoja wa Kidigo alikuwa anatoka kutafuta pweza, mtoto mgongoni.

"Wamwagia mchanga maziwa, dada?"

Nikamweleza. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akamfungua mtoto.

"Mpe huyu, yasikauke. Lakini hayo majibwa kayafunge kule! Yakinilamba, nijioshe mara saba?"

"Nimeambiwa nisiwaachie."

"Haya, kaa nao. Unyonyeshe mbwa."

Nikawafunga kwenye mti wa mvinje. Yule mtoto wa kike alivuta kwa nguvu, nikasikia maziwa yakishuka kutoka kwapani.

"Tangu leo huyu na wako ni ndugu, wamenyonya ziwa moja," mama yake akasema. "Wakija kuoana, dhambi ni yako."

Akawa anakuja kila maji ya bahari yakipwa. Siku ya tano memsabu akatutokea ghafla.

"Mbwa wako wapi?"

Mimi nikaanza kuinuka. Yule mama ndiye aliyejibu, wala hakuinuka: "Wako kivulini, memsabu, wapumzika. Na huyu dada naye apumzika."

Memsabu akamtazama mtoto kifuani pangu. Uso ukawa mwekundu, akageuka akaenda zake. Hakulitaja tena jambo hilo, wala hakuniruhusu kwenda. Tulikaa mpaka kidonda cha mbwa kikafunga kabisa.

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa anamlisha mwanangu uji. Akanishika titi kwanza, kabla ya salamu.

"Yamejaa? Muda wote huo?"

"Yamejaa."

Akanipa mtoto. Alininusa, akalia, akamnyooshea nyanya yake mikono. Nikamrudisha kwangu. Akalia tena, mpaka akachoka, kisha akashika titi. Alikuwa ameota meno mawili nisiyoyajua. Aliniuma vibaya sana, na mimi sikusogea.