Edah na Fahali wa Kalenda

Studio ya Mzee Hezekiah ilifungwa mwaka wa tisini na mbili. Kufikia hapo Edah Awinja alikuwa ameizoea hata aliweza kuzunguka chumba cha giza bila kugusa ukuta. Yeye ndiye aliyewachana wateja nywele, akawaketisha mbele ya pazia lililochorwa maua na ngazi, akamwambia huyu ainue kidevu na yule afunge kifungo cha shingoni. Kisha Hezekiah alikuja, akabonyeza kamera, akarudi kwenye chai yake. Lakini picha za rangi zilipoingia mjini Kakamega, watu walizikimbia zile nyeusi na nyeupe kama wanavyoukimbia uji uliolala. Filamu za rangi zilipelekwa Kisumu kuoshwa kwa mashine, na kile chumba cha giza kikabaki giza tu, hakina kazi.

Hezekiah alikuwa amezeeka na hakuwa na hamu ya kujifunza upya. Siku ya kufunga alimwita Edah, akamvisha shingoni kamera aliyoipenda kuliko zote.

"Chukua," alisema. "Miaka hii yote mpiga picha umekuwa wewe. Mimi nimekuwanga mtu wa kubonyeza tu."

Edah alikuwa na binti mmoja, Lynette, aliyekuwa shule ya msingi, na mama yake aliyelima mahindi upande wa Mukumu. Mama huyo hakuelewa kazi ya mtu mzima kuzunguka na kitu shingoni kama mchuuzi wa mikufu. Kila Jumapili alimuuliza bintiye ni lini ataajiriwa tena. Edah alimjibu kwamba ameshajiajiri, na mama akaguna, akageukia sufuria yake ya obusuma, ugali wa jioni.

Ukweli ni kwamba mwanzoni guno la mama lilikuwa na haki yake. Edah alienda kwenye harusi na ubatizo kama wapiga picha wengine, na wengine hao walikuwa wengi. Misa ikiisha walijazana mlangoni, wakamvuta bibi harusi huku na huku, wakaitana, wakasukumana. Edah hakuwa na sauti ya kugombania watu. Alisimama kando akisubiri nafasi, na nafasi ilipofika bibi harusi alikuwa ameshapanda gari. Mara nyingi alirudi nyumbani na filamu ambayo haijafika hata nusu.

Mvua ndiyo iliyombadilishia mambo. Alasiri moja ilimkuta Lurambi, akakimbilia chini ya bati la seremala mmoja aliyeitwa Osundwa, ambaye karakana yake ilikuwa kando ya barabara. Chini ya bati hilo walikuwepo pia mwalimu mmoja na mkewe waliokuja kutafuta viti vya sebuleni. Osundwa hakuwa na kiti cha kuwaonyesha, kwa maana kila alichotengeneza kiliondoka siku kilipokauka vanishi. Basi alikuwa akiwaelezea kwa mikono. Alichora mgongo wa sofa hewani, akazungusha vidole kuonyesha mapambo ya miguu, akapiga magoti kuonyesha urefu wake. Mwalimu alitazama kwa heshima. Mvua ilipopungua, yeye na mkewe waliaga, wakasema watarudi, na kila mtu pale alijua kwamba hawatarudi.

Edah alimuuliza Osundwa ile sofa aliyokuwa akiichora hewani iko wapi. Iko kwa nesi mmoja, akajibiwa, si mbali. Edah akasema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba angeweza kuileta hapa bila kuibeba.

Walikwenda kesho yake. Nesi aliwakaribisha, akafikiri ni yeye anayepigwa picha, akavaa gauni zuri, na Edah hakuwa na moyo wa kumkatalia. Alimpiga picha moja ya zawadi. Kisha akaanza kazi yenyewe. Alitoa meza ndogo, akaondoa vitambaa vilivyofunika mbao, akafungua pazia. Akaketi kwenye ndoo kungoja jua liondoke dirishani, maana lilikuwa likifanya vanishi ing'ae kama maji na nakshi zisionekane. Osundwa hakuwahi kuona mtu akiingojea sofa. Mwanga ulipotulia, Edah alipiga picha za mbele, za ubavu, na moja ya karibu kabisa ya mguu uliochongwa.

Osundwa alizitia picha zile ndani ya albamu, akaifunga albamu kwa kamba kwenye nguzo ya karakana ili isitembee. Wateja walianza kuchagua kwa kidole. Hii, lakini kitambaa kiwe chekundu. Ile, lakini ya watu watatu. Kabla ya Krismasi alikuwa ameongeza fundi wa pili. Mshonaji wa nguo aliyekuwa jirani yake akataka albamu yake, halafu mwanamke aliyesuka nywele sokoni, halafu mwoka keki. Edah akagundua jambo ambalo Hezekiah hakuwahi kumfundisha: picha ya harusi humkumbusha mtu alichokuwa nacho, lakini picha ya bidhaa humtamanisha asichokuwa nacho bado, na haziwezi kupigwa kwa jicho moja. Kazi hii mpya ilimfaa. Sofa haisukumani na mtu, na keki humsubiri mpiga picha. Watoto wa Lurambi walimwita Mama Sofa, naye akaitika.

Ni albamu ya Osundwa iliyomleta Kiplagat kwa Edah. Huyu alikuwa kijana mwenye tai, muuzaji wa kampuni moja ya chumvi ya mifugo iliyokuwa Eldoret, na mwaka wa tisini na sita alisimama Lurambi kununua viti. Alifungua albamu, akasahau viti. Kampuni yake ilitaka kutoa kalenda ya mwaka uliofuata, ya kutundikwa kwenye kila duka la dawa za mifugo. Walihitaji picha ya fahali ambaye mkulima akimwona ataamini chumvi. Awe amesimama wima, anang'aa, na mbele yake mfuko wa chumvi wenye nembo mpya.

Edah alikuwa hajawahi kupiga picha ya ng'ombe. Alikubali, kisha hakupata usingizi.

Kila aliyeulizwa kuhusu fahali alitaja jina moja: Tingatinga, wa Mzee Elkanah, kule Malinya. Alikuwa mweusi tii, mwenye nundu kama mlima, na kwenye uwanja wa kupiganisha mafahali alikuwa hajashindwa kwa misimu kadhaa. Watu walimsindikiza uwanjani kwa ngoma za isukuti na kumrudisha nyumbani kwa nyimbo. Elkanah alimlisha kwa mkono wake mwenyewe na kumchanganyia molasi. Watu walisema alimsalimia Tingatinga asubuhi kabla ya kumsalimia mkewe, Gentrix, na Gentrix hakukanusha.

Elkanah alimsikiliza Edah mpaka mwisho, kisha akakataa.

"Ng'ombe yangu haipigwangi picha, mukhana," alisema, kama anayemwambia binti yake. "Macho ya watu wa Malinya peke yake inanitosha. Sasa unataka niongeze ya Eldoret?"

Edah hakubishana. Aliomba ruhusa ya kuja kumtazama tu, bila kamera, na hilo mzee hakuweza kulikataa, kwa sababu alipenda sana fahali wake atazamwe na mtu anayejua kutazama. Akaja juma lile na lililofuata. Alijifunza kwamba Tingatinga hapendi mtu wa kumpita nyuma, kwamba asubuhi ngozi yake huonyesha misuli na mchana haionyeshi chochote. Alikaa na Gentrix jikoni wakamenya mihogo. Siku moja Elkanah mwenyewe akamuuliza, kama mtu anayezungumzia habari za jirani, hiyo kalenda ingefika mpaka wapi. Edah akamwambia ingefika kila mahali palipo na ng'ombe. Mzee akageuka kumtazama Tingatinga. Kisha akasema waje Jumamosi, mapema, kabla jua halijapanda.

Kiplagat alifika na mfuko mmoja tu wenye nembo mpya, maana mingine ilikuwa bado haijachapishwa. Ulijazwa chumvi, ukasimamishwa kwenye nyasi. Elkanah akamleta Tingatinga aliyesuguliwa mafuta mpaka anang'aa. Edah aliifungua lenzi kuliko kawaida, kwa kuwa kitu cheusi hunywa mwanga, akapiga picha chache za fahali akiwa amesimama kama Kiplagat alivyotaka. Zilikuwa picha nzuri. Fahali alikuwa wima, mfuko wima, na mzee amesimama kando ameukaza uso kama anayengoja hukumu.

Halafu Tingatinga akanusa. Kabla mtu hajasema neno, alishusha kichwa, akautoboa mfuko kwa pembe, akazamisha mdomo wote ndani. Kiplagat alipiga kelele akiililia nembo yake. Alijaribu kuuvuta mfuko, akaangalia ukubwa wa kichwa kilichokuwa upande wa pili, akauacha. Fahali akainua uso umejaa chumvi nyeupe hadi machoni, akaulamba, akatazama watu kama anayeuliza kama kuna nyingine. Elkanah akaanza kucheka. Alicheka mpaka akamwegemea fahali wake, mkono juu ya nundu, kofia ikaanguka. Kidole cha Edah kiliendelea kubonyeza bila kumuuliza, hadi filamu ikaisha.

Picha ziliporudi kutoka Kisumu, Edah alitenga zile za mwanzo na kuzificha zile za chumvi chini ya bahasha, maana aliona haya. Kiplagat ndiye aliyeinua bahasha. Alizitazama kwa muda, yeye aliyekuwa bado hajasamehe mfuko ule, kisha akasema wakubwa wake lazima waione hii moja. Wakubwa waliiona, na hawakutaka kuona nyingine.

Kwa hiyo mwaka wa tisini na saba ulianza huku Tingatinga akiwa ukutani kila mahali, uso mweupe na mwili mweusi, na mzee wa Malinya akicheka pembeni yake. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la Edah Awinja. Mama yake hakusoma sana, lakini Lynette alimwonyesha pale penye jina, na tangu siku hiyo mama hakuuliza tena habari za kuajiriwa. Kazi ziliongezeka. Wenye duka la mbegu walimtafuta, na wenye mashine ya kusaga pia.

Lakini mwezi haukuisha kabla Tingatinga hajashindwa. Alipigana na fahali mdogo kuliko yeye, akageuka, akakimbia mbele ya umati wote. Habari ilimfikia Edah siku hiyo hiyo, na pamoja nayo maneno ya Elkanah kwamba picha imemmaliza ng'ombe wake. Edah alikwenda Malinya. Mzee hakutoka nje. Gentrix alimpa chai, wakainywa wawili jikoni, na Edah akaondoka na mzigo ambao hakuna kazi iliyoweza kuushusha. Hakuamini kwamba kamera inaweza kula nguvu za fahali. Hata hivyo kila alipopita dukani akamwona Tingatinga ukutani, aliangalia pembeni.

Ikapita zaidi ya mwaka. Siku moja Edah alikuwa kwa Osundwa akipiga picha kabati, akaona kivuli mlangoni. Alikuwa Elkanah, amekonda kidogo, na mkononi ana karatasi iliyokunjwa. Alimsalimia Edah, akamuulizia mtoto na mama, akakaa kwenye sofa ambayo vanishi yake haijakauka na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Alieleza polepole. Tingatinga alikuwa amezeeka, hata siku ile ya kushindwa alikuwa ameshazeeka, na yeye Elkanah alijua hilo kabla ya mtu yeyote, ila hakutaka kulijua. Fahali alivunjika mguu mtoni wakati wa mvua ndefu, wakamchinja. Kijiji kizima kilikula isipokuwa yeye.

Akaikunjua ile karatasi. Ilikuwa kalenda, imechakaa kwenye mikunjo.

"Watu wananiambia niitupe kwa sababu mwaka wake uliisha," alisema. "Mukhana, unaweza kunitolea ng'ombe bila siku?"

Edah alikuwa amezihifadhi filamu zote. Alimwambia inawezekana, itoke kubwa, bila tarehe, bila jina la chumvi. Mzee akatikisa kichwa kukubali, na machozi yakampata kabla hajapata kofia ya kuyafichia. Osundwa akaenda kutafuta kitu nyuma ya karakana ambacho hakikuwepo. Edah alikaa karibu na mzee kwenye vanishi ile mbichi, wakakaa hivyo.

Picha hiyo Edah aliipeleka Malinya mwenyewe, ndani ya fremu aliyoitengeneza Osundwa. Gentrix alichinja ingokho, kuku wa kumkirimu mgeni. Baada ya chakula Elkanah alimpeleka Edah zizini akamwonyesha ndama mmoja mweusi, mwana wa Tingatinga, mwenye miguu mirefu isiyojua bado iende wapi, akamwuliza kama angekuja kumtazama mara kwa mara, akija na kamera au bila kamera.

Mwaka wa tisini na tisa Edah alikuwa bado hana studio, na watu waliacha kumwuliza atafungua lini. Alishaona kwamba kazi yake iko kule vitu viliko. Mwezi wa Agosti aliitwa Mumias na mwanamke mmoja mfanyabiashara, Asiya, aliyeshona madera na kuyauza mpaka Busia. Alifika asubuhi, wakasalimiana, "Asalaam aleikum," "Waaleikum salaam," akaonyeshwa madera yote yametundikwa kwenye kamba uani, ya kila rangi. Asiya aliuliza kama waanze mara moja. Edah aliangalia jua, ambalo lilikuwa bado halijafika kwenye kamba, akaangalia upepo ulivyokuwa ukiyajaza madera hewa hadi yakaonekana kama yana watu ndani.

"Tungoje kidogo, dada," alisema, akavuta kiti.