Programu Aliyoijua Mishi Peke Yake

Mishi wa Ruiru alikuwa hodari wa kompyuta, na ubaya ni kwamba alijijua. Kiwanda cha nguo kule Thika kilipomwajiri, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kompyuta bado ilikuwa kitu cha kufunikwa kitambaa jioni ili isipigwe na vumbi. Yeye ndiye aliyeandika programu ya mishahara, na kila Ijumaa kiwanda kizima kililipwa kwa akili yake.

Ila aliiandika kwa ujanja. Watu walikuwa wakiachishwa kazi kila kukicha, naye akaona dawa ni moja: asiwepo mwingine wa kuielewa. Basi kila sehemu ya programu akaibandika jina la jamaa zake. Saa za ziada akaziita Shangazi. Makato ya ushirika, Mjomba. Mjomba naye, mwezi ukiisha, aligeuka Babu. Hakuacha hata mstari mmoja wa maelezo, na alicheka peke yake akiandika. Mtu mzima, tena msomi, anajifungia chumbani na kumeza ufunguo, halafu anajiona mjanja!

Nyumbani aliishi na mamake, Bi Sumeya, ambaye kisukari kilikuwa kimemchukua mguu na macho. Mishi ndiye aliyemwogesha kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mama hakuwa na maombi mengi.

"Mishi, siku yangu ikifika, unioshe wewe. Hata kama wako wengine. Mikono yako naijua."

"Sawa, Mama," akajibu, kama mtu aliyetumwa mkate dukani.

Ijumaa moja, mwaka wa tisini na sita, alimwacha mama na dadake Zahra, aliyekuwa amekuja kumjulia hali. Hajamaliza chai ya ofisini, simu ikalia. Alikuwa Zahra.

"Mama ametuacha, Mishi. Kuja. Anazikwa baada ya Alasiri. Tunakungoja umwoshe."

Siku hiyohiyo programu ilikuwa imekataa kutoa mishahara. Wafanyakazi walishaanza kupanga foleni dirishani. Wangeci, msichana aliyeajiriwa kumsaidia, akamshika mkono.

"Pole sana, Mishi. Wewe enda. Nionyeshe tu mahali, mimi nitamalizia."

Mishi akajaribu, machozi yakimdondokea juu ya vibonye. "Hapa Shangazi anamwita Mjomba. Kama Mjomba hana kitu, tafuta Babu."

"Babu ni nini sasa?"

"Ni Mjomba, lakini wa mwisho wa mwezi."

"Ngai! Mishi, mimi hapa sioni kitu."

Angeondoka hivyo hivyo, lakini kule dirishani walikuwa wamesimama kina mama waliohitaji unga wa jioni. Akaketi. Bado kidogo tu, alijiambia, na tena kidogo tu. Kosa lilikuwa ndani ya Babu, na cha kuumiza zaidi, hata yeye alikuwa amesahau alichomfanya huyo Babu. Alipolipata, Alasiri ilikuwa imeshapita.

Alifika Ruiru wanaume wakirudi kutoka makaburini. Zahra alikuwa ameketi mkekani, mikono yake bado inanukia kafuri.

"Tulikungoja mpaka imamu akasema basi," alisema. "Nimemwosha na majirani."

Mishi akaanguka hapo sakafuni akalia kwa sauti. Moyo wake ulivunjika siku hiyo.

Matanga yalipoisha alirudi kazini akafuta jamaa zake wote. Saa za ziada zikaitwa saa za ziada. Akaandika maelezo kila mahali, akamketisha Wangeci kando yake na kumfundisha bila kuficha kitu. Meneja akamsifu kwamba sasa ndiyo amekuwa fundi wa kweli.

Mwaka uliofuata, Ijumaa moja, mashine ikagoma tena. Wangeci akasoma, akaguna, akarekebisha. Mishi hakuulizwa hata neno moja.

"Enda nyumbani mapema leo," Wangeci akamwambia kwa furaha. "Hii nimeiweza."

Mishi akachukua mkoba wake na kutoka hadi langoni. Jua lilikuwa bado juu. Alikuwa huru kwenda, na kule Ruiru hapakuwa na mtu anayemngoja.