Nilimnyang'anya mwenyekiti wa kijiji kahawa kwa sababu ya barabara ya babu yangu, Konstebo Laurenti

Wakuu, heshima kwenu. Haya yametokea kwetu Muleba mbele ya ukoo mzima, kwa hiyo hata nikitaka kujipamba siwezi, wapo watakaoniumbua. Nilichobadilisha ni majina tu.

Nilimfokea mwenyekiti wa kijiji nikiwa nimepiga magoti.

Pateni picha. Sisi Wahaya mgeni akifika anapewa kahawa kavu ya kutafuna, na mwanamke anayemkaribisha anapiga magoti. Basi niko chini, kikapu cha kahawa mikononi, mgongoni mtoto anaota meno na ameamua bega langu ndilo la kujifunzia.

Mwenyekiti kaingiza vidole kikapuni huku anamwambia baba mdogo kwa raha zake, "Kile kibao kimeshasimama. Barabara sasa ni ya Mzee Deusi."

Mzee Deusi ni marehemu baba yake.

Nikavuta kikapu. Vidole vya mtu vikabaki hewani vinachota upepo.

Kwetu kumnyang'anya mgeni kahawa ni kumfukuza. Shangazi akashika kichwa, "Maawe!"

"Tata," nikamwambia mwenyekiti (ndiyo baba kwa Kihaya; yaani nagomba na heshima sijaacha, ujinga gani huu), "hiyo barabara ina mwenyewe! Na misa ya kumbukumbu tuliyotoka kusali leo ni yake!"

Nikataka kuinuka niondoke kwa kishindo kama kwenye tamthilia. Mguu ulishakufa ganzi. Nikanyanyuka nusu, nikarudi chini. Mara ya pili nikajishikiza kwenye goti ili nisimame.

Goti la mwenyekiti.

"Pole, Mama Alinda," akaniambia kwa upole kabisa. Hiyo pole iliniuma kuliko kibao.

Sasa niwaeleze ya barabara.

Babu, Konstebo Laurenti, alikuwa polisi enzi za ujamaa. Kahawa ilitakiwa iuzwe kwenye chama cha ushirika tu, lakini ng'ambo, Uganda, bei ilikuwa tamu zaidi. Watu walishusha magunia ziwani alfajiri, mtumbwi unavuka. Ni magendo, ndiyo, lakini yalilipa ada za watoto na kuezeka bati nyumba nyingi. Siwezi kukaa hapa mjini Hamugembe na simu yangu nikajifanya ningekuwa mtakatifu.

Asubuhi moja babu akawakuta mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa. Bunduki hakuwa nayo. Alikuwa na kirungu na filimbi.

Akapiga filimbi kuomba msaada. Kijiji kizima kilisikia. Hakutoka mtu, kwa sababu karibu kila nyumba ilikuwa na gunia lake pale chini.

Alipigwa kasia la kichwa, akafia kwenye maji ya magoti. Bibi akabaki na watoto wadogo.

Wakuu, kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike uzi huu.

Kazi za pamoja za kijiji watu walikuwa wakizikwepa, huyu mgonjwa, yule ana msiba wa uongo. Lakini baada ya mazishi walikuja wote na majembe, bila kuitwa. Wakalima ile njia waliyopandishia mwili wake, kutoka ziwani hadi kwenye kibanja chake cha migomba, ikawa barabara. Wakaiita ya Konstebo. Samahani haikusemwa na mtu. Walilima tu.

Leo kumekuja mambo ya anwani za makazi, kila njia iwe na kibao, na mwenyekiti kaandika jina la baba yake.

Nikaandika malalamiko nikiwa bado nachemka, nikapanda gari hadi ofisi ya wilaya, Muleba mjini. Kurasa na kurasa. Afisa akasoma, akapangusa miwani, akasoma tena.

"Dada, hapa unalalamikia kibao au mbuzi?"

Maana nilikuwa nimeweka na mbuzi wa mwenyekiti waliokula maharage yetu. Na ile pole pia niliiweka.

"Umeanzia kwa mtendaji wa kijiji?"

Sikuwa nimeanzia. Mimi na form four yangu nimeruka ngazi zote. Nikarudi na mtoto wangu na vumbi langu.

Mwandiko wangu wa hasira ulimshinda Bibi, akaniambia nimsomee. Nikasoma kwa sauti, kwa madaha, hasa pale nilipoandika kwamba kijiji hiki kilimwacha babu afe.

"Futa hapo, waitu."

"Bibi, si ni kweli?"

"Ni kweli. Ukiandika hivyo, kila nyumba itasimama na mwenyekiti. Andika walilima. Deusi naye alilima, nilimwona, na magunia yake ndiyo yalikuwa mengi."

Nikafuta. Miaka yote hiyo mimi nilidhani Bibi kasahau.

Nilichojifunza: hasira yangu ina mbio kuliko akili, na goti la mtu unayemgombeza usilishike. Waliopitia haya ya vibao njooni mnishauri, na wa kunicheka mcheke, nimeshazoea. Malalamiko niliyowasilisha, yakagongwa muhuri, ni haya:

Kwa Mtendaji wa Kijiji,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU JINA LA BARABARA ITOKAYO MWALONI

Barabara hii ililimwa kwa mikono na wanakijiji, akiwemo marehemu Mzee Deusi, kwa ajili ya Konstebo Laurenti aliyeuawa akiwa kazini. Wao wenyewe ndio walioipa jina lake, na hawajawahi kulibadilisha.

Naomba kibao kiandikwe jina hilo. Sidai fidia.

Baadhi ya waliolima wangali hai, waulizwe. Mjane wake naye yu hai. Kusoma alifundishwa kwenye madarasa ya watu wazima, na kila Jumapili akienda kanisani anapita hapo.