Chuma Kisichosafisha Maji

Watu wa kupima matetemeko ya ardhi walipokichagua kisima cha msikiti wetu hapa Kasongo, nilimshukuru Mungu mbele ya watu, baada ya swala ya Ijumaa. Walieleza kwamba huenda maji ya chini hubadilika chumvi na hewa zake kabla ardhi haijatikisika. Wakateremsha chombo cha chuma kwa waya. Mimi, mwalimu wa chuo cha Kurani na mtunza kisima, wakanipa kazi ya kujaza chupa kila Alhamisi. Pikipiki ilizichukua pamoja na za kisima cha Kabambare.

Nilijaza kwa bismillahi miaka miwili. Hata wiki niliyomzika mke wangu sikukosa.

Kisha tetemeko dogo likatikisa masufuria yetu, na maji yakaanza kuwa na ladha ya msumari. Jirani yangu, mama anayenyonyesha pacha, akaniuliza kisimani, "Papa Mwalimu, kwa udhu inafaa?"

Hilo nililijua. Maji yaliyobadilishwa na ardhi yanamopita hayapotezi utohara wake.

"Inafaa."

"Na kunywa?"

Hilo sikulijua. Nikamwambia awe na subira, wenye kupima watatuambia.

Akacheka. "Subira ya nini, Papa? Ile chuma inasafishaka maji. Sisi kuchemusha tuliacha zamani."

Nikatazama safu ya bidoni za kutekea maji. Watu wa mitaa mingine walipita visima vyao wenyewe kuja kuteka penye chuma. Nami, nakiri, nilikuwa nimedhani vivyo hivyo.

Mtaalamu wao alipokuja kubadilisha betri ya chombo, nikamwuliza.

"Hakisafishi, mzee. Kinapima tu."

"Na watu hawa wote umewaona?"

"Nawaona kila nikija."

"Basi zile chupa zangu zilikutwa na nini? Tunywe ao tusinywe?"

"Sisi tunafuata tetemeko. Mambo ya kunywa ni ofisi nyingine."

Mungu anisamehe, nilipaza sauti uani mwa msikiti. Anaijua chumvi ya maji yetu, anaijua hewa yake, anaijua hata siku yalipobadilika, kisha anapita mbele ya mama mwenye bidoni bila kumwambia neno!

Jirani yangu akachota kikombe, akampa mtaalamu kwa mikono miwili. "Kunywa basi, Papa. Iko baridi."

Mtaalamu akashukuru kwa adabu, akatoa mfukoni chupa yake ya maji ya dukani.

"Aah! Ye mwenyewe anaogopa!"

"Tetemeko iko kwa tumbo yake!"

Wamama walicheka sana. Mimi sikuweza. Subira ni ibada, nami nilikuwa nimeigeuza kizibo cha kumnyamazisha mwenye haki ya kuuliza.

Siku hiyohiyo nilipigilia ubao kando ya kisima: *Chuma hiki hakisafishi maji. Chemsheni. Hatujaambiwa yana nini.* Najua kuchemsha kunaua vijidudu tu, chumvi hakuiondoi. Ndiyo maana nikaandika sentensi ya mwisho kubwa kuliko nyingine.

Mtaalamu ametuma ujumbe mara mbili: ubao unatia watu hofu, na chupa za Alhamisi hazijafika. Nimemjibu kwamba hazitafika. Aje na karatasi ya majibu, aisome kwa Kiswahili mbele ya wamama hawa, kisha nitajaza. Jirani yangu sasa anashuka kuteka kwenye chemchemi ya bondeni na kupanda kurudi, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani.