Bajeti na Mnada wa Kilindoni

Mwanangu, lipo swali ambalo shahada yangu ya uchumi haijanisaidia kulijibu: mbunge hutufaa zaidi akikubali asichokiamini ili abaki bungeni, au akikataa akatolewa?

Nakumbuka asubuhi moja, nikiwa nimetoka chuo kikuu karibuni, nilifuatana na ami yangu Haidari, mbunge wetu wakati huo, hadi mnada wa samaki wa Kilindoni, kisiwani kwetu. Siku chache nyuma alikuwa amechangia mjadala wa bajeti bungeni, nasi tulimsikia redioni. "Mjengeeni mvuvi mtambo wa barafu kwanza, samaki wafike sokoni wazima, ndipo mpandishe ushuru. Bajeti hii inapandisha ushuru, na barafu haimo." Kisha akamaliza kama wanavyomaliza wenzake: "Naunga mkono hoja."

"Shikamoo, Bi Mwanaisha," alimwamkia mchuuzi mmoja mzee aliyezoea kupeleka samaki Dar es Salaam.

"Marahaba, Mheshimiwa. Mtazame kolekole huyu, jicho limeshaingia ndani. Utamnunua?"

"Huyu? Hata paka hamtaki!"

"Sasa mbona juzi uliitikia?"

Watu wakaangua kicheko. Mnadani kwetu unaruhusiwa kumponda samaki upendavyo, lakini ukishaitikia kwa kichwa, ni wako. Hakuna kurudi nyuma.

"Bajeti uliiponda weee, Haidari, halafu ukaitikia," Bi Mwanaisha aliendelea, sasa bila mzaha. "Ushuru ukipanda na barafu hakuna, mimi kazi hii naiacha. Nawe utasema ulinitetea?"

Ami hakucheka. Kura ya bajeti ilikuwa kesho yake. Njiani nilimsihi: "Ami, ukiikataa, chama hakitakupitisha tena. Nani atatusemea?"

"Na nikiitikia, nitakuwa nimewasemea nini?"

Nasikitika kukuambia kwamba niliyoyahofia yalitokea. Bajeti ilipita, ami hakupitishwa tena, na Bi Mwanaisha aliacha uchuuzi. Barafu tunaisubiri hadi leo, na waliomfuata ami wamejifunza kuitikia mapema. Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba ukisimama kwenye kauli yako utashinda.

Ninachokuusia ni hiki: ukikaa katika kikao chochote, cha kijiji au cha taifa, maneno yako yasiende huku na kura yako kule. Ukikubali, kubali kwa sababu unayoweza kumweleza Bi Mwanaisha ana kwa ana. Ukikataa, ujue utakachopoteza, maana na sisi tutakipoteza pamoja nawe. Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti, na asikunyime watu wa kukuuliza.

Adhuhuri ya siku ile ya mnada ami alipanda ndege kurudi Dodoma. Asubuhi iliyofuata nilikaa na Bi Mwanaisha kando ya redio yake, majina ya wabunge yakiitwa moja moja: Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo. Lilipofika la ami, Bi Mwanaisha akaiinamia redio. Kisha tukamsikia, bila kupandisha sauti:

"Hapana."