Hija ya Kuizunguka Nyumba

Juzi niliwaona mahujaji wakirudi mtaa wa Lizaboni kwa miguu, fimbo mkononi, vumbi jekundu hadi magotini, nikamkumbuka mama.

Nilikuwa bado mtoto mdogo. Alikuwa ametembea siku nne, kwenda hija na kurudi, na nyumba nzima ilinuka dawa ya kuchua. Kesho yake alasiri, badala ya kupumzisha miguu, alishika rozari akaizunguka nyumba mara saba, akinong'ona sala, changarawe zikilia chini ya raba zake. Siku ya pili vilevile. Mimi, kwa akili yangu kubwa, nikaamua kwamba anafanya mazoezi ya kuondoka tena. Siku ya tatu nikazificha raba kwenye gunia la mahindi.

"Nani kachukua raba zangu?"

Akatembea peku, na malengelenge yake bado mabichi. Alipopita jikoni akichechemea, nilishindwa kuvumilia.

"Mama, usiende tena!"

"Niende wapi na miguu hii?" Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Kule nilisali njia nzima, mwanangu. Nikikaa tu, nitalizoea kochi nisahau. Kumbe nimezaa askari! Haya, lete raba, na wewe vaa ndala."

Sasa najua alikuwa anaitunza ile njia isimtoke moyoni. Siku ile sikuelewa kitu. Nilishika pindo la kanga yake, tukamaliza mizunguko yote saba, mimi nikiwa kwenye ulinzi tu. Hiyo ndiyo hija yangu pekee mpaka leo, na hata getini sikufika.