Shimo la Mnara wa Kizwite

Mnara wa mashujaa wa mtaa wetu hapa Kizwite umeinama upande wa barabara, tena una ufa toka juu mpaka chini. Wageni wakiuona husema fundi alikula saruji. Hakula. Nimeshachoka kumtetea yule fundi mwashi, lakini nitamtetea mpaka mwisho, maana mnara usingeinama kama mama yangu asingepata kitu alichokikosa tangu mimi nikiwa mgongoni.

Baba alikuwa mgambo. Vita vya Kagera vilipoanza alipanda lori pamoja na vijana wengine wa Ufipa, na hakurudi. Mwenzake aliyerudi alisema walipotezana baada ya kuvuka mto, basi. Hakukuwa na mwili, wala mtu wa kusema kwa kinywa chake kwamba alimwona ameanguka. Baba zangu wakubwa walikaa kikao wakaamua msiba hauwezi kuwekwa, kwa sababu kumlilia mtu ambaye hujamzika ni kumwitia kifo. Walimpenda mdogo wao, siwalaumu. Ila nao wakafa mmoja mmoja, na uamuzi wao ukabaki, kwa kuwa hakubaki mkubwa wa kuutengua.

Kwa hiyo mama akaishi si mke, si mjane. Waliokuja kumposa aliwaambia mume wake yuko safarini, na aliwaambia kwa uso mkavu mpaka wakaaga wenyewe. Kwenye misiba ya wengine alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alisonga ugali, akachambua maharage, akafokea wasichana wanaopiga soga jikoni. Lakini kule ndani, kwenye mikeka, wajane wanapokaa kumshika mfiwa, hakuingia hata mara moja.

“Huko nitakaa kama nani?” aliniuliza siku nilipomkazania aingie.

Nilichojua ni kwamba umri ulikuwa unakwenda, kila baridi ya Juni kifua kilimbana kuliko baridi iliyopita, na mimi niliogopa atakufa bila kumlilia mume wake.

Wazo la mnara lilitoka kwa jirani yetu, mzee wa Kisukuma aliyepigana vita hivyohivyo. Alikuja Rukwa na ng’ombe wake, akaishi Mtowisa huko bondeni mpaka joto na magoti vikamshinda, akapanda kwetu kwenye upepo. Kwenye mkutano alisema mtaa wenye vilabu vya pombe vingi namna hii hauwezi kukosa mahali pa kuwakumbuka walioondoka wasirudi. Watu walicheka, kisha wakakubali. Familia kadhaa zilikuwa na mtu wao, na wengine walikumbuka babu zao waliobebeshwa mizigo katika vita vya Wazungu. Kila nyumba ikatoa ilichoweza. Mwenye duka pale pembeni, Mwislamu aliyehamia kutoka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, alileta saruji kwenye mkokoteni akisukuma mwenyewe. Mimi nilitoa tofali za kuchoma nilizoziweka kwa ajili ya choo, na choo changu kikasubiri mwaka mzima. Mama peke yake hakufurahi.

“Wataandika jina lake kwenye saruji,” alisema. “Halafu?”

Sasa, hapa kwetu kaburi halichimbwi na mtu wa kulipwa. Wako wanaume wa mtaa ambao wakisikia kilio huchukua majembe na sururu bila kuitwa, na malipo yao ni uji wa ulezi na shukrani. Fundi alipoomba watu wa kumchimbia msingi, wangekwenda nani wengine? Aliwaonyesha mahali, akapanda pikipiki kwenda kwao Kasense kufuata ngazi yake. Wale wanaume wakaanza kazi, huku wakibishana kuhusu mpira na bei ya mbolea. Hakuna aliyefikiria. Mikono ilifanya ilichozoea.

Fundi aliporudi, alishuka kwenye pikipiki akachungulia. Aliyechimba ndani haonekani ila kofia.

“Jamani! Mimi nimetaka msingi wa nguzo, mraba, kimo cha goti. Hiki ni nini?”

Wakatazama. Lilikuwa kaburi. Kichwa magharibi, miguu mashariki, kingo zimenyooka, na chini wameacha hata ile ngazi ya udongo ya kuwekea mbao.

“Fundi,” mmoja wao alisema, “ulisema ni cha marehemu wetu.”

“Marehemu wenu wako Uganda huko! Nani atalala humu?”

Kicheko kilianza, nami nilikuwa nacheka kwa sauti kuliko wote. Ndipo mama akatokea na ndoo ya uji kichwani, kwa sababu penye watu wanaochimba mama hawezi kukaa nyumbani, hata kama mnara wenyewe haumpendezi. Aliwaamkia waliomzidi umri, akaitikia shikamoo za wengine, akatua ndoo. Halafu akaliona shimo.

Alisimama pale ukingoni. Fundi akaanza kumweleza kwamba ni makosa, mama, tunalifukia sasa hivi. Hakumsikiliza. Aliinama, akachota udongo kwa mkono wa kulia, akautupa ndani. Tukausikia ukianguka chini. Kisha mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia, aliita jina la baba na kupiga yowe la mtu aliyefiwa asubuhi hiyo.

Mzee wa Kisukuma alivua kofia akasimama wima, ingawa magoti yake ni mabovu. Wanawake walitoka majumbani wakifunga kanga zao. Dada wa mtu mwingine aliyepotea akatupa udongo wake, na wengine wakafuata. Wale wachimbaji walishika makoleo wakafukia taratibu, wakipokezana, kama wanavyofanya makaburini. Fundi alinong’ona kwamba udongo uliofukiwa hautabeba mnara, utatitia. Akanong’ona mara ya pili, kisha akaacha, akachukua koleo naye. Baadaye aliujenga hapohapo juu ya ule udongo, akijua kabisa kwamba utainama na kwamba jina baya litakuwa lake. Mungu ambariki mtu yule kila anapoamka.

Siku hiyo msiba ukawekwa nyumbani kwetu bila kikao chochote. Turubai lilikuja, sijui la nani. Unga, kuni, maharage na mikeka vikaingia uani, na mwenye duka akaleta sukari. Watu wale wangeweza kusema huyu alifariki zamani, tuna mashamba ya kulima. Walilala uani kwetu kwenye baridi ile, wakiota moto na kuimba. Nikiwakumbuka mpaka leo nashindwa hata niwashukuru kwa maneno gani.

Mimi nilikuwa nakimbia huku na huko na masufuria, mwenyeji wa shughuli, naagiza maji, nagombana na moshi. Shangazi mmoja wa jirani akaninyang’anya mwiko, akanisukuma ndani. Mama alikuwa mkekani katikati ya wajane, amefunikwa kanga, watu wakipita mmoja mmoja kumpa pole. Nikapanga foleni kama wengine. Nilipofika nikapiga magoti.

“Pole, mama.”

Alinitazama, akanishika uso kwa mikono yote miwili.

“Pole na wewe, mwanangu. Umefiwa na baba.”

Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, na hakuna aliyekuwa amewahi kuniambia hivyo. Wanawake wakasogea, wakanipisha kwenye mkeka, nikakaa kando ya mama nikalia.